Doa la fuksini kwenye shati la mtoto: bluzi ya labo ifuliwe wapi?

#1 MamaWaKatindo (Goma)
Habari zenu wanamaabara. Naingia moja kwa moja.

Jumapili nilikuwa naanua nguo. Shati jeupe la shule la kijana wangu wa kwanza lilikuwa na doa la waridi kwenye ukosi, dogo kama punje ya dengu. Nikadhani ni kalamu. Nilipolisogeza karibu na macho nikalitambua: fuksini, rangi ile ile ya labo ninayomwaga kila asubuhi juu ya vioo vya makohozi, vile vya kutazama kwa hadubini. Ilitoka kwenye mkono wa bluzi yangu, koti jeupe la labo, ikaogelea katika beseni moja na nguo za watoto, ikatua pale. Nilikaa kwenye ngazi nimeshika lile shati, nguo nyingine zikabaki kambani hadi jua likazama. Kama rangi imefika, kitu gani kingine kimefika?

Kazini kwetu kanuni imebandikwa ukutani: bluzi isitoke nje ya labo. Mashine ya kufulia hakuna. Maji yanaletwa kwa bidoni (madumu). Mama aliyekuwa anatufulia alilipwa wakati wa riposti (kampeni ya kupambana na Ebola), mkataba wake ukaisha, hakurudishwa. Kwa hiyo kila Ijumaa tunakunja bluzi ndani ya mfuko wa plastiki, tunapanda moto (pikipiki), tunaenda nazo nyumbani. Wengine hawakunji hata kidogo, wanapanda wakiwa wamezivaa.

Nauliza mawili. Ninyi mnafua wapi? Na kwa nini sisi wale wale ambao 2019, wakati wa Ebola, hatukuthubutu kugusa kitasa cha mlango bila glavu, leo tunakula mandazi na bluzi mwilini? Mahali pa kazi sitapataja, msiniulize.

#2 KiooCha100x (Goma)
Pole mama. Tuliza moyo kwanza. Fuksini ya Ziehl, njia ya kupaka rangi vijidudu vya kifua kikuu (TB), imechanganywa na fenoli, na kile kioo ulikipitisha kwenye moto kabla ya kumwaga rangi. Tena kifua kikuu kinaambukizwa kwa hewa, si kwa nguo. Mtoto hapati TB kwa doa la shati.

#3 MzeeHadubini (Goma)
Kijana wa #2, kuhusu TB umesema kweli, ila umemjibu swali ambalo hakuliuliza. Mkono ule ule wa bluzi uliobeba fuksini umelala pia juu ya meza ya damu na juu ya vikopo vya choo. Virusi vya hepatitisi B (homa ya ini) vinaweza kukaa siku 7 juu ya kitu kikavu na bado vikaambukiza. Rangi inaonekana, damu iliyokauka kwenye pindo haionekani. Huyu mama ameona kile kimoja chenye rangi, na ana haki ya kuogopa vile visivyo na rangi.

Julai 1994, wakimbizi walipojaa hapa na kipindupindu kikaanza kuua watu barabarani, sisi hatukuwa na kanuni ukutani. Tulikuwa na pipa nyuma ya labo, kuni, na sabuni ya mche. Bluzi zote zilichemshwa pale jioni, mkubwa na mdogo. Hakuna aliyetoka na yake.

#4 YayaBukavu (Bukavu)
Shikamoo mzee. Pipa hilo leo lingetufaa kuliko semina tatu.

Mama wa #1, kanuni yako haikutungwa na mkubwa wako. Mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 3 la 2004, unasema waziwazi: nguo za labo zisivaliwe kantini, ofisini, maktabani wala chooni, zisiwekwe kabati moja na nguo za nyumbani, na viatu vinavyoacha vidole wazi visiingie labo. Toleo la 4 la 2020 linazungumza zaidi kuhusu kupima hatari ya kila kazi, lakini bluzi ni ile ile: mikono mirefu, imefungwa vifungo, inabaki eneo la kazi. Kwa hiyo mwajiri anayesema "isitoke" bila kutoa pa kufulia ametimiza nusu ya kanuni tu. Hiyo nusu nyingine ameiweka kichwani kwako.

#5 MstajieriNdosho (Goma)
Salamu wakubwa. Mimi ni mstajieri (niko mafunzoni kazini), naomba niulize bila kufukuzwa. Tunapewa glavu jozi mbili kwa siku, na wagonjwa wa kutolewa damu wanaweza kufika arobaini. Aliyetutangulia alituonyesha kuzipangusa kwa alkoholi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ni sawa?

#6 KiooCha100x
@MstajieriNdosho hapana, hapana kabisa. Alkoholi inalainisha mpira, matundu madogo usiyoyaona yanapanuka, na kile kinachotoka kwa mgonjwa wa tatu unampelekea wa nne. Kama glavu ni jozi mbili, basi heri unawe mikono vizuri kati ya wagonjwa na glavu uziweke kwa mwenye damu inayomwagika au kwa siku ambayo una kidonda mkononi. Sisemi ndiyo kanuni. Nasema kati ya mabaya mawili.

#7 DoctaHimbi (Goma)
Naunga mkono #6 kuhusu alkoholi, sikubaliani na mwisho wake. Akianza kuchagua nani anastahili glavu, ataangalia sura za watu. Aliyekonda atavaliwa glavu, mwenye suti hatavaliwa. Hepatitisi B haina sura.

Na mstajieri, umechanjwa? Dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, baada ya miezi 6. Wengi mnaogopa Ukimwi peke yake. Sindano yenye damu ya mwenye virusi vya Ukimwi ikikuchoma, hatari ni kama 0.3 kwa mia. Ya hepatitisi C zamani ilikadiriwa karibu 2, makadirio mapya ni chini ya 1. Ya hepatitisi B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30. Glavu inapangusa damu kidogo wakati sindano inapita, haizuii sindano. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usikamue, kimbia kutafuta dawa za kinga siku hiyo hiyo. Mwisho wake ni saa 72, na zinamezwa siku 28.

#8 MstajieriNdosho
Sijachanjwa. Asante docta. Kesho nitauliza.

#9 Mulushois (Lubumbashi)
Ndugu wa Kivu jambo. Huku kwetu kitambaa ndicho kinaniumiza roho. Bluzi nyingi zinazouzwa mjini ni poliesta tupu, zinang'aa, hazikunjamani, kila mtu anazipenda. Mwaka juzi mwenzangu alikuwa anapasha fuksini kwa taa ya spiriti, ule moto mdogo wa bluu usioonekana mchana. Pindo la mkono likashika. Pamba ingeungua ukaipiga kwa kofi ikazimika. Ile iliyeyuka ikaganda juu ya ngozi. Kovu liko hadi leo, kama nta iliyomwagika kuanzia kiganja kuelekea kiwiko.

Kabla hujanunua, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uwashe. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inatoa harufu ya plastiki, inabaki kijipunje kigumu cheusi. Muuzaji akikataa usichome uzi, ondoka.

#10 MamaWaKatindo
@Mulushois nimetoka kufanya hivyo sasa hivi jikoni. Kijipunje cheusi. Miaka sita naivaa.

#11 ChukuduMbili (Goma)
Mimi si wa labo, mke wangu ndiye. Nasoma huu uzi nikiwa naye pembeni. Anasema meshi ni mbaya kuliko poliesta: dada zetu wanainama juu ya taa ya spiriti na nywele za plastiki zinaning'inia hadi kifuani. Wafunge kitambaa.

#12 YayaBukavu
Mwambie shemeji nimefunga tayari. 😄 Lakini na ninyi wanaume, ndevu mnazifuga za nini kama mnataka kuvaa N95, barakoa ile inayochuja hewa? Hazikazi. Hewa inapita pembeni.

#13 KiooCha100x
Ndevu zangu zimeguswa, najibu. Kwa vioo vya makohozi na kwa GeneXpert, mashine ya kupimia vijidudu, huhitaji N95. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu usalama wa maabara za TB, 2012, unaziweka kazi hizo daraja la hatari ndogo: meza ya kawaida, hewa inayopita vizuri ikitoka upande wa mfanyakazi kuelekea sampuli na nje, kufungua kikopo polepole. N95 ni ya wanaootesha vijidudu. Na kashne (barakoa) ya kitambaa cha upasuaji haikukingi na TB hata ukivaa mbili, inamkinga aliye mbele yako.

#14 MzeeHadubini
Hewa inayopita vizuri wapi, mwanangu? Hapa Goma ukifungua dirisha kiangazi, vumbi la lava linaingia na kukaa juu ya lenzi, juu ya vioo vinavyokauka, ndani ya chai. Ukifunga, umejifungia na kikohozi cha watu ishirini. Walioandika wamefikiria nyumba ambayo dirisha lake linafunguka kwenye majani. Sisemi wamekosea. Nasema dirisha letu linafunguka kwenye barabara ya mawe meusi.

#15 KiooCha100x
Hilo nakubali mzee. Sisi tumeweka chandarua chenye maji kidirishani. Kinapunguza vumbi, kinapunguza na hewa pia.

#16 Kivu_Asubuhi (Goma)
Nirudi kwa swali la pili la #1, naona mnalikwepa. Kwa nini 2019 tuliweza na leo hatuwezi? Jibu ni pesa. Ebola ilipoisha 2019 washirika waliondoka na primi (marupurupu) zao, na glavu zikaondoka nao. Hakuna siri nyingine.

#17 DoctaHimbi
Marekebisho: haikuisha 2019. Ilitangazwa 1 Agosti 2018, mgonjwa wa kwanza ndani ya Goma alithibitishwa 14 Julai 2019, na mwisho ulitangazwa 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Tusizipunguze hizo siku, kuna watu tuliwazika.

#18 Kivu_Asubuhi
Asante docta, nimekosea mwaka. Hoja yangu inabaki pale pale.

#19 YayaBukavu
Hoja yako ina tundu. Kufunga vifungo vya bluzi ni bure. Kuvua bluzi kabla ya kwenda kula ni bure. Kuacha simu nje ya labo ni bure. Mbona na hayo yamekufa? Mimi nasema ni woga uliokwisha. Ebola ilikuwa inaua kwa wiki moja, jina la mfu unalijua. Hepatitisi B inakungoja miaka ishirini, na utakapoanza kuvimba tumbo hakuna atakayekumbuka ni kioo gani, siku gani. Binadamu anajikinga na anachokiona.

#20 Mulushois
Mimi naona ni heshima. Bluzi nyeupe mtaani ni cheo. Mtu amesoma kwa shida, mama yake ameuza unga ili afike pale, sasa umwambie aivue mlangoni aonekane kama kila mtu? Motari (dereva wa pikipiki) akiiona anamwita docta. Anayetoka nayo nje hatafuti hatari, anatafuta kuitwa docta. Ndiyo maana nyingine zinaoshwa mara moja kwa wiki, lakini pasi zinapigwa kila siku.

#21 MamaWaKatindo
@Mulushois umenigusa. Siku ya kwanza nilipopewa bluzi nilipita sokoni Virunga nayo makusudi, ili shangazi yangu anione. Aliacha wateja akanikumbatia. Akaikumbatia na bluzi.

#22 Kivu_Asubuhi
Tuache moyo, turudi kwa wakubwa. Nimefanya kazi sehemu mbili. Ya kwanza mkuu wa labo alikuwa anavua bluzi yake mlangoni kabla ya kila mtu, anaitundika kwenye msumari wake, ananawa. Hatukuhitaji karatasi ukutani. Ya pili mkuu alikuwa anapokea wageni wa ofisini na glavu mkononi, anashika kalamu, anashika simu, anatupa mkono. Ndani ya mwezi mmoja sote tulikuwa hivyo.

#23 MstajieriNdosho
Naomba niongeze moja. Bluzi zilizobaki stoo ni za saizi ya watu wakubwa waliotoka nje. Mimi ni mfupi. Mikono inanifunika vidole, naikunja mara tatu, na ndani ya ile mikunjo ndiko uchafu unaingia. Glavu ni namba 8, mkono wangu ni 6 na nusu, bomba la damu linateleza. Nikivua, si kwamba nimedharau kanuni. Nimeogopa kuangusha damu ya mtu.

#24 MzeeHadubini
Mtoto huyu amesema kitu ambacho semina zote nilizokaa hazikukisema.

#25 DoctaHimbi
Ni kweli. Nguo isiyokutosha ni hatari nyingine uliyovalishwa.

Hapo kuna historia inayofaa. Uingereza, 1978, kamati ya James Howie iliandika kanuni za kuzuia maambukizi katika maabara za hospitali, na bluzi iliyopendekezwa bado inaitwa kwa jina lake. Haifungwi katikati kifuani. Kipande cha mbele kinapita hadi ubavuni na shingoni, ili ukimwagikiwa kusiwe na mwanya. Mkononi ina pindo linalobana. Vifungo vyake ni vya kubana, si vya kupenyeza, kwa hiyo ukimwagikiwa unaivuta mara moja tu inafunguka yote. Fundi yeyote wa Birere mwenye cherehani anaweza kuishona kwa vipimo vya mtu mwenyewe.

#26 ChukuduMbili
Mke wangu anauliza glavu inaingia juu ya pindo au chini ya pindo. Wamebishana kazini.

#27 KiooCha100x
Juu ya pindo, shemeji. Ngozi ya kifundo cha mkono isionekane hata ukinyoosha mkono. Wakati wa kuvua glavu ndizo zinaanza, kisha bluzi, kisha unanawa. Usivue bluzi kwa mikono yenye glavu chafu, utakuwa umeipaka kote.

#28 Kivu_Asubuhi
Kwenye riposti tulikuwa na mtu wa kutusimamia wakati wa kuvua, anasoma hatua kwa sauti, ukiruka moja anakusimamisha. Tulimchukia. Sasa namkumbuka.

#29 MamaWaKatindo
Nashukuru wote. Nimezungumza na wenzangu wanne. Pa kufulia hatujapewa, mkubwa amesema bajeti hakuna, lakini ametuachia kona ya nyuma yenye paa. Tunataka kufua pale pale, kila mtu atoe franga kidogo tumrudishe yule mama mfuaji. Maji tutanunua kwa wenye chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) wanaotoa ziwani. Nielekezeni kuhusu javeli (dawa ya klorini ya kuulia vijidudu). Tulizoea kuitia tu kwa kukadiria.

#30 YayaBukavu
Usikadirie. Kama ni klorini ya unga ya asilimia 70, kijiko 1 cha supu kilichosawazishwa, karibu gramu 14, katika lita 20 za maji: hiyo ni 0.05 kwa mia, ya nguo. Ya meza iliyomwagikiwa damu ni 0.5 kwa mia, mara kumi ya hiyo, gramu 140 kwa lita 20. Kama ni javeli ya maji ya asilimia 5, ya nguo ni kikombe 1 kwa vikombe 99, ya meza ni 1 kwa 9. Changanya kila asubuhi, ya jana mwaga.

Kwanza fua kwa sabuni, suuza, ndipo uloweke dakika 30. Ukiloweka nguo chafu, uchafu unaimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Na yule mama mfuaji mvisheni glavu nene, aproni na buti za mpira. Yeye ndiye anashika kila kitu mlichokimwaga.

#31 DoctaHimbi
Onyo moja kubwa: javeli isikutane na asidi. Ile asidi na alkoholi ya kuondolea rangi ya Ziehl ikimwagiwa javeli inatoa gesi ya klorini. Na dawa ya kuulia virusi tuliyokuwa tunaweka kwenye sampuli za GeneXpert ya Ebola ina tiosianati ya guanidini, nayo ikikutana na javeli inatoa gesi ya sumu. Bluzi iliyomwagikiwa hivyo, maji mengi kwanza.

#32 MzeeHadubini
Na kamba ya kuanikia muiweke juani. Jua la saa sita ni dawa ya zamani.

#33 Mulushois
Lakini mzee, vumbi je?

#34 MzeeHadubini
Waanike asubuhi mapema, kabla ya malori.

#35 MstajieriNdosho
Nimerudi na habari. Nimepata dozi ya kwanza leo, kwa kulipa mwenyewe. Na mama wa #1, kama mko karibu na Katindo, naweza kuja Jumamosi kusaidia kubeba bidoni. Bluzi yangu moja naweza kuileta hapo?

#36 MamaWaKatindo
Njoo na vipimo vyako pia. Fundi anakuja saa nne, amepata pamba, nimeshachoma uzi.

#37 ChukuduMbili
Bidoni ngapi? Chukudu ninayo.

#38 MamaWaKatindo
Sita za lita 20. Mbili za kufulia, moja ya kuloweka, tatu za kusuuza.